Mnyoo wangu wa jangwani anaonekana kama kiwavi. Nisaidieni

Binti wa Lanet

Hamjambo nyote. Mimi ni mchoraji hapa Nakuru, umri wangu miaka 24. Nachora kwa makaa na biro kwenye karatasi za manila. Mwaka mzima sasa nimeshikwa na kitu kimoja tu: wale minyoo wa mchanga wa Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyotoka 1965. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba ikiwa haina jalada, na nimeisoma mara tatu.

Kwa ambaye hajaisoma: kuna sayari iitwayo Arrakis, jangwa tupu. Ndani ya mchanga wake wanaishi minyoo wakubwa ajabu. Ukitembea kwa hatua zenye mpigo mmoja, mnyoo anasikia mtikisiko na kukujia. Wenyeji, Wafremen, wanamwita Shai-Hulud na kumheshimu kama mungu, na vijana wao hufunzwa kumpanda kwa kulabu. Faharasa ya mwisho wa kitabu inasema wameonekana wenye urefu wa zaidi ya mita 400. Huo ni mzunguko mzima wa uwanja wa riadha.

Nimeshachora kumi na mmoja, na wote wana kasoro moja: ni wadogo. Huyu wa mwisho nimemfanyia kazi wiki tatu kwenye manila nzima. Nimemweka katikati, kichwa hadi mkia, mdomo wazi wenye meno kumi na sita makubwa, mstari mweusi kumzunguka mwili wote, na mtu amesimama mbele yake. Mdogo wangu wa kidato cha pili akautazama akasema, "Huyu ni kiwavi wa mahindi." Hakuwa ananicheka. Alisema alichokiona, nami nilipoangalia tena sikuona kingine. Nilikaa jikoni usiku ule nikalia.

Jambo la pili. Kuna mwenye mkahawa hapa mjini ameona picha zangu kwenye simu. Anataka tatu, shilingi 4,000 kila moja, halafu azichapishe kwenye vikombe na fulana auze. Pesa naihitaji kwelikweli. Lakini mnyoo si wangu, ni wa Herbert. Nifanyeje?

Fundi Mabango

Dada, hongera kwa kazi. Nimechora magari ya matatu na mabango hapa Nakuru miaka kumi na saba, kwa hiyo naongea kama fundi.

Anza na meno. Umeyachora kumi na sita. Kitabu umesoma wewe, lakini nami nimekisoma: mdomo wa yule mnyoo wa jangwani umetajwa kuwa na upana wa kama mita 80. Ukiuzunguka ukingo wake unapata kama mita 250. Gawa kwa kumi na sita, kila jino linachukua mita 15, sawa na jengo la ghorofa nne au tano. Sasa kumbuka kisu cha Wafremen. Kinatengenezwa kwa jino la mnyoo, na mtu anakishika kwa mkono mmoja na kukificha kwenye nguo. Basi meno hayawezi kuwa kumi na sita. Ni mamia kwa maelfu, safu nyuma ya safu, membamba, na ukiwa mbali huyaoni moja moja. Unaona ukingo unaometa tu.

Hilo ndilo jicho la mtazamaji linapima. Likiona meno machache manene, linasema huyu ni mdudu nimemshika mkononi. Pete za mwili vilevile. Umechora pete ishirini. Weka mia mbili, na nyingine zipotee kabisa kwenye kivuli.

Pili, huo mstari mweusi ufute wote. Kitu chenye mstari kukizunguka ni kitu kilichokatwa na kubandikwa. Kitu kikubwa hakionekani ukingo wake wote mara moja. Upande wa karibu uwe na giza na mikwaruzo, upande wa mbali ufifie uwe rangi ya vumbi hadi usijue mnyoo ameishia wapi na hewa imeanzia wapi. Chukua raba, sio kalamu.

Tatu, nani alikwambia aingie mzima kwenye karatasi?

Kijana wa Section 58

Mimi nauliza kwa nia njema. Kwa nini usichore heroe, wale ndege wa ziwani? Watalii wananunua.

Binti wa Lanet

Nimewachora miaka minne, kaka, na ndio walionilipia karo ya chuo. Nawapenda. Ila hawa minyoo ndio ninaoamka usiku kuwachora.

Fundi, shukrani sana. Hesabu ya meno imenishtua. Kisu nilikuwa nimekichora kwenye picha nyingine, na sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja.

Mwalimu wa Mbale

Binti yangu, mimi nafundisha bayolojia huku Vihiga. Riwaya yako sijaisoma, lakini minyoo naijua, na naona umemchora huyu kama bomba la maji lililopinda. Hakuna mnyoo anayekwenda hivyo.

Mvua ikinyesha toka nje utafute nyungunyungu. Mweke kwenye sahani yenye unyevu umtazame dakika kumi bila kuchora chochote. Ana misuli ya aina mbili: mingine inamzunguka kama mkanda, mingine inakwenda kwa urefu wa mwili. Ile ya mkanda ikijikaza, sehemu hiyo inakuwa nyembamba na kurefuka kwenda mbele. Ya urefu ikijikaza, inanenepa na kuwa fupi, na vinyweleo vidogo vigumu vinashika udongo ili asirudi nyuma. Kwa hiyo mwili wake kamwe hauna unene mmoja. Kuna mawimbi ya unene na wembamba yanayotembea kutoka kichwani kwenda mkiani, naye anasonga mbele. Pete za sehemu nene zinasongamana, za sehemu nyembamba zinaachana. Ukilichora hilo, hata mtu asiyejua sababu atahisi kwamba kitu hiki kina uzito na kinasukuma.

Nimesoma maelezo yako kwamba huyu anaishi kwenye mchanga mkavu. Nyungunyungu wetu anapumua kupitia ngozi yenye unyevu, akikauka anakufa. Wako akoje na maji?

Binti wa Lanet

Mwalimu, maji kwake ni sumu. Mnyoo mdogo akizamishwa majini anakufa, na Wafremen hutumia jambo hilo katika ibada zao. Kuna lingine nadhani utalipenda: faharasa ileile inasema sehemu kubwa ya mchanga wa Arrakis umetokana na kazi ya minyoo hao.

Mwalimu wa Mbale

Basi huyo mwandishi alikuwa anajua alichokuwa anafanya. Charles Darwin alichapisha kitabu kizima kuhusu nyungunyungu mwaka 1881, akionyesha jinsi wanavyopitisha udongo tumboni na kuurudisha juu, mwaka baada ya mwaka, hadi mawe ya zamani yanazama chini ya ardhi waliyoitengeneza wao. Wetu anatengeneza shamba, wako anatengeneza jangwa. Mimi ningekuwa na mkono wa kuchora ningeonyesha hilo, kwamba mchanga wote ule unaomwagika mgongoni mwake umetoka kwake.

Umenifanya nitake kukisoma kitabu.

Dereva wa North Horr

Nimepeleka mizigo Marsabit na North Horr miaka mingi, tunakatiza Chalbi. Kuchora sijui. Naweza kukwambia macho yanavyofanya kule.

Kwanza, huwezi kujua ukubwa wa kitu. Chalbi ilikuwa ziwa zamani, sasa ni tambarare ya udongo na chumvi, haina mti wala nguzo. Unaona kitu cheusi mbele, unaweza kudhani ni lori, unafika ni jerikeni. Siku nyingine unadhani ni mbuzi, kumbe ni kilima kilicho safari ya saa nzima. Jicho linatulia pale tu ngamia anapopita karibu na hicho kitu. Kwa hiyo yule mtu uliyemchora mbele ya mnyoo hafai pale. Amesimama karibu nasi, ni mrefu kama kidole changu, anamfanya mnyoo awe jirani yake. Mpeleke mbali, chini kabisa ya mnyoo, awe nukta. Nukta yenye kivuli kirefu cha asubuhi, ndipo tujue ni mtu.

Pili, adhuhuri kuna mazigazi. Upeo wa macho unatetemeka, vilima vinakatika miguu na kuelea. Kitu kikubwa cha mbali kinaonekana kimekatwa chini na hewa. Sijaona mchoraji akiliweka hilo.

Tatu, vumbi. Lori likitangulia mbele kilomita kadhaa, unaona vumbi tu, lori lenyewe huoni. Na unaogopa lile vumbi kuliko ungeliogopa lori.

Ustadhi wa Kisumu

Nimefuatilia kwa furaha. Neno moja la lugha. Hilo jina Shai-Hulud lina Kiarabu ndani yake. *Shay* ni kitu, *khulud* ni kudumu milele. Mwandishi alichota maneno mengi ya Kiarabu kwa ajili ya watu wake wa jangwani. Kwa hiyo dada yetu anachora kitu cha milele, na kitu hicho kwenye picha yake kina ngozi laini kama ya mtoto. Awe na makovu. Mchanga umempiga karne na karne.

Mchoraji wa Dunga

Dadangu, mimi nauza kazi zangu hapa Kisumu, na suala lako la pili limewahi kuniuma mimi mwenyewe, kwa hiyo nalijibu kwa urefu kidogo.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kitabu kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Herbert alifariki 1986. Hesabu inakupeleka mwisho wa 2036 kwa hapa kwetu. Kule Marekani, kitabu cha 1965 kinalindwa miaka 95 tangu kuchapishwa, hadi mwisho wa 2060. Na kuigeuza kazi ya mtu iwe kitu kingine ni haki ya mwenye kazi. Kuchora nyumbani, kujifunza, kuwaonyesha marafiki, hakuna atakayekusumbua. Vikombe na fulana mia zenye jina Dune au Shai-Hulud ni biashara, na usiingie humo bila ruhusa. Nenda uulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla hujaweka sahihi popote.

Sheria hailindi wazo, hata hivyo. Kiumbe mkubwa anayeishi mchangani si mali ya mtu mmoja. Kinacholindwa ni Arrakis yake, watu wake, majina yake. Bonde la Suguta, kusini mwa Ziwa Turkana, lina vilima vya mchanga vya kweli, na joto lake linajulikana. Mchoree Suguta kiumbe chake, chenye umbo ulilolibuni wewe baada ya kumtazama nyungunyungu wa mwalimu. Huyo utamweka kwenye kikombe bila hofu.

Na hili nakusihi. Kuuza karatasi si kuuza haki ya kunakili. Akikulipa 4,000 amenunua picha ya kutundika ukutani, basi. Akitaka kuchapisha, mkataba mwingine, kwa maandishi, na malipo mengine. Mimi niliwahi kumpa mtu picha kwa bei ya chakula cha wiki nikaikuta kwenye mabegi sokoni.

Fundi Mabango

Hayo ya mama wa Dunga uyashike.

Nami nakupa kazi ya nyumbani. Jumapili panda Menengai, pale juu kwenye ukingo. Kutoka pale hadi chini ni zaidi ya mita 400. Yaani mnyoo wako akisimama wima humo ndani ya kreta, kichwa chake kinafika karibu na miguu yako. Beba manila ndogo. Tazama barabara za visima vya mvuke kule chini na magari yanayopita.

Binti wa Lanet

Narudi baada ya siku tisa. Samahanini kwa kimya.

Nilipanda Menengai na mdogo wangu. Tulikaa ukingoni tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kuna lori lilikuwa linapita chini. Nilikuwa nimelitazama muda mrefu kabla sijajua kwamba ni lori. Lilikuwa kama punje ya mtama, na nyuma yake vumbi refu la kuonekana vizuri. Nikamkumbuka Dereva. Mvuke wa visima ulikuwa unapanda taratibu sana, kama hausongi kabisa, na nikaelewa kitu ambacho hamkukitaja: kitu kikubwa kikiwa mbali kinaonekana kwenda polepole. Mchanga unaomwagika kutoka mgongo wa mita mia juu hauwezi kuchorwa kwa mistari ya haraka kama niliyotumia. Lazima uning'inie kama maporomoko ya Thomson yanavyoonekana ukiwa ng'ambo.

Picha mpya sikutumia mstari hata mmoja wa kuzunguka. Nilipaka manila yote makaa, kisha nikaitoa nuru kwa raba. Mnyoo anaingia upande wa kushoto na hatoki, mkia hauko, na kichwa nacho kimefunikwa nusu na vumbi. Mwili unanenepa na kukondeka kama wa yule wa kwenye sahani, Mwalimu. Mvua ilinyesha Jumanne nikampata. Ngozi nimeikwaruza kwa kipande cha tofali. Mtu ni nukta na kivuli. Nilimwita mdogo wangu bila kumwambia lolote. Alisimama kidogo, akainama karibu na karatasi, akaniuliza, "Hiki kidogo hapa ni mtu?" Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Mwenye mkahawa nimemwambia hapana kwa vikombe vya Shai-Hulud. Hakufurahi. Picha tatu za heroe atazichukua kwa bei ileile, na tumeandikiana kwamba ni za kutundika tu. Wa Suguta nimeanza kumchora jana. Bado sijajua ana mdomo wa namna gani. Dereva, ukipita tena kule, nipigie picha ya mchanga saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa chini kabisa, nione vivuli vinaanguka upande gani wa kilima.