Naomba ushauri: cheti cha daktari cha mafuta ya bangi napata wapi?

Mvuvi wa Wesha: Assalaam alaykum. Bi mkubwa wangu ana saratani, tumesharudi naye kutoka Ocean Road, hospitali ya saratani Dar. Usiku ndio balaa, juzi kauma ncha ya kanga mpaka ikatoboka. Nasikia Uingereza madaktari wanaandika mafuta ya bangi. Huku Pemba naanzia wapi, kihalali? Tafadhali msinicheke.

Karafuu Kavu: Unaanzia polisi, yakhe 😂

Mama Micheweni: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu tulimsomea Yasini na kumlambisha asali ya nyuki wadogo. Lakini asali ya siku hizi! Mwezi uliopita nimeuziwa chupa, chini imeganda sukari guru tupu.

Nesi Mstaafu: Bara na Visiwani, hakuna daktari anayekuandikia bangi. Uingereza wameruhusu tangu Novemba 2018, na huko pia ni bingwa tu anayeanzisha, si daktari wa mtaani. Ila maumivu ya saratani yana dawa halali: morfini ya maji. Ocean Road wanaitoa. Hamkupewa?

Mvuvi wa Wesha: Swali langu ni bangi.

Nesi Mstaafu: Na langu ni morfini.

Mvuvi wa Wesha: Tulipewa. Iko kabatini. Kaka zangu wamekataa, wanasema ndio unga ule ule, mama atakufa teja.

Karafuu Kavu: Morfini haramu, bangi halali. Familia ina mufti wake hii.

Mvuvi wa Wesha: Mafuta si ya kuvuta! Shemeji anatoka London Alhamisi, chupa yake ina stika ya duka la dawa na jina.

Nesi Mstaafu: Jina la nani?

Mvuvi wa Wesha: Lake. Mgongo unamsumbua.

Nesi Mstaafu: Basi ni yake peke yake, hata huko haruhusiwi kumpa mtu. Akishuka uwanja wa ndege Kisauni nayo, stika haitamsaidia.

Mzee wa Darajani: Jamani, mnakunywa chai. Huyu mwaka jana alileta uzi wa khitma ya mama yake. Mama kafufuka?

Karafuu Kavu: Chai ya tangawizi kabisa. Nimeachia hapo.

Mvuvi wa Wesha: Yule ndiye aliyenizaa. Huyu ni mama mdogo, kanilea tangu nina miaka 4. Sasa nikuletee cheti cha kuzaliwa?

Mzee wa Darajani: Lete.

Mama Micheweni: Mwacheni, ana mgonjwa.

Nesi Mstaafu: Mvuvi, anayepewa morfini kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu si teja. Hufunga choo, ndiyo maana huenda na dawa ya kulainisha. Kwenye chupa pameandikwaje?

Mvuvi wa Wesha: Mililita 5 kila baada ya saa 4. Kifuniko hakijavunjwa.

Nesi Mstaafu: Tangu lini?

Mvuvi wa Wesha: Tangu mfungo sita.

Nesi Mstaafu: Soma tarehe ya mwisho, halafu mpigie daktari aliyeiandika kabla hujafungua. Usianze kwa kukisia.

Mvuvi wa Wesha: Tarehe bado. Na shemeji nimwambieje? Keshafunga mizigo.