Ushauri: Wanafunzi wanaona kujitolea kijijini ni adhabu. Nianzie wapi?

Mwl_Kilolo

Kamwene wakuu, heshima kwenu.

Ni mwalimu wa sekondari ya kata huku Kilolo, Iringa. Nafundisha Jiografia na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Nataka shule yetu iwe na utaratibu wa kudumu wa wanafunzi kujitolea kwa jamii inayotuzunguka, usiwe wa kungoja ugeni wa mkoa au mbio za Mwenge. Kazi zipo tele. Chanzo cha maji cha kijiji kimezungukwa na vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na mikaratusi. Kuna bibi wanaolea wajukuu wadogo na hawana wa kuwapasulia kuni, na baridi ya huku ya Juni na Julai mnaijua. Shule ya msingi jirani ina watoto wa darasa la nne ambao bado wanasoma kwa kubahatisha. Mkuu wa shule ameafiki na ametupa Ijumaa alasiri.

Ugumu uko kwa wanafunzi. Nilipotangaza mstarini kwamba tutakwenda kusafisha njia ya kwenye chanzo, nyuso zilibadilika. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mwenye adabu sana, alinifuata baadaye akaniuliza: "Mwalimu, kwani tumekosa nini?"

Swali lile limenikaa moyoni. Shule nyingi za huku, mtoto akichelewa anafyeka. Akipiga kelele anabeba maji ya mwalimu. Akitoroka anang'oa kisiki. Leo nimpe jembe lile lile nimwambie ni upendo kwa jirani, aniamini vipi?

Wazazi nao wapo wanaosema wamemleta mtoto asome, hawakumleta akalime kwa watu. Naomba ushauri: iwe lazima au hiari? Nianze na kazi ipi? Na wazazi nizungumze nao vipi?

Mnyalu_Ipogolo

Mwalimu, binti amekupa jibu tayari. Kabla hujapeleka mwanafunzi hata mmoja kijijini, kaa na mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu na walimu wa zamu, mkubaliane kwamba kazi ya mikono haitumiki tena kama adhabu hapo shuleni. Kufyeka uwanja kuwe zamu ya kila darasa, na mwalimu wa darasa awepo na fyekeo mkononi. Mkishindwa hilo, huo mpango wa Ijumaa utakuwa na sura ile ile ya adhabu hata muuite jina zuri namna gani.

Mama_Wawili_Mafinga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mzazi, naomba nisemee upande wetu, maana walimu wengi wanadhani sisi ni wakaidi tu.

Tumeona mengi. Watoto wanaambiwa ni kazi za jamii, kumbe wanavuna mahindi ya mwalimu. Wanaombwa waje na kuni Jumatatu, na kuni zinaishia jikoni kwa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za kinyonyaji, na mzazi akiona mwanawe anarudi jioni na malengelenge mikononi ana haki ya kuuliza.

Ukitaka tukuunge mkono, leta jambo hili kwenye mkutano wa wazazi kabla halijaanza. Tuambie kazi ni ipi, kwa nani, nani anawasimamia, na watarudi saa ngapi. Wasichana wasitumwe peke yao kwenye nyumba ya mtu, hata kama ni ya mzee anayeheshimika. Waende kikundi na mwalimu awepo. Mwenye pumu asipelekwe kwenye vumbi wala moshi. Na tamka wazi mbele ya wote kwamba hakuna mtoto atakayegusa shamba la mwalimu wala la kiongozi yeyote. Hapo mimi mwenyewe nitakuja na panga langu.

Tukuyu_Mvua

Anza na kusoma, Mwalimu. Nipo Rungwe, nasimamia jambo kama hilo hapa shuleni kwetu, na nakuambia kwa uhakika jembe liache lije baadaye.

Chukua wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wanaopenda wenyewe. Kila mmoja apewe watoto wawili au watatu wa darasa la tatu au la nne, wale wale kila wiki, asibadilishiwe. Wakae chini ya mti au kwenye darasa lililo wazi, wasome hadithi fupi kwa sauti, wapokezane sentensi. Basi. Wala usimtafute yule anayeongoza darasani ukadhani ndiye anayefaa zaidi. Huku kwetu waliofanya vizuri kuliko wote ni vijana waliohangaika na kusoma walipokuwa wadogo. Wanajua mtoto anakwama wapi, na hawamcheki.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ahusishwe tangu mwanzo, asije akaona mmekuja kumkosoa. Mwombe mwalimu wa darasa ndiye awachague watoto.

Kitu kingine: mwisho wa kila kipindi tunakaa pamoja muda mfupi, kila mwanafunzi anaeleza alichokiona. Usiache hatua hii kwa sababu jua linazama. Hapo ndipo kijana anasema "mtoto wangu leo amesoma ukurasa mzima", na ukimsikia akisema *wangu* hutahitaji kumsukuma tena.

Mdau_Uyole

Kuhusu lazima au hiari: duniani wapo waliochagua lazima. Jimbo la Maryland kule Marekani linamtaka mwanafunzi wa sekondari afikishe saa 75 za huduma kwa jamii ndipo ahitimu, na Ontario huko Kanada wanataka saa 40. Wenzetu hao wana hoja yao, kwamba bila kulazimisha, wanaojitolea ni wale wale wenye nafasi na wazazi wenye mwamko, na wengine hawapati kuonja kabisa.

Kwa shule yenye historia uliyoeleza, mimi nasema anza na hiari. Klabu za Roots & Shoots zilianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 waliokwenda kumwona Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, leo ziko nchi nyingi. Mwenendo wake ni kwamba vijana wenyewe wanatazama eneo lao, watu, wanyama na mazingira, kisha wanachagua tatizo la kushughulikia. Wape wanafunzi wako Ijumaa ya kwanza ya kutembea kijijini na daftari tu. Wasikilize watu, warudi, wajadili, wapige kura. Chanzo cha maji kinaweza kushika nafasi ya tatu kwenye orodha yao, nawe ukubali.

Mzee_wa_Makete

Wanangu, nawasalimu.

Sisi tuliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea tulilima sana. Watu wanakumbuka jembe tu, wanasahau kwamba Mwalimu Nyerere mwaka 1967 aliandika pia kuwa wanafunzi washirikishwe kuamua. Alitoa mpaka mfano: fedha ya shamba la shule, wao wenyewe wapime kama waitumie kukodi trekta la kulimia au kwa jambo lingine, na wakichagua jambo lingine, ile kazi ngumu ya kulima waifanye kwa mikono yao. Shule nyingi zilichukua kulima, zikaacha kuamua. Kwa hiyo Mdau wa Uyole amesema vema.

Sasa hili la bibi. Huku kwetu ugonjwa ulichukua wazazi wengi, mnajua. Ukienda na kundi la wanafunzi kwenye nyumba ya bibi anayelea yatima, kuna uwezekano mkubwa mmoja wa yatima hao amesimama humo humo kwenye kundi, kavaa sare kama wenzake. Unamfanya nini mtoto huyo siku hiyo?

Wazee wetu walikuwa na migowe. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mjane ambaye hana cha kutoa isipokuwa togwa. Mjane hakuaibika, kwa kuwa nyumba zote zilifikiwa. Fanyeni hivyo hivyo. Mwombe mwenyekiti wa kitongoji apange nyumba kwa zamu, zenye uwezo na zisizo na uwezo, na kila nyumba itoe kitu, hata ndoo ya maji ya kunywa. Na picha msipige. Mzee wa watu hakuwaita ili awekwe kwenye makundi ya WhatsApp akiwa na kanga iliyochanika.

Mwl_Kilolo

Mzee wangu, kamwene. Hilo la mtoto aliyesimama kwenye kundi sikuwa nimeliwaza, na ninao wanafunzi wa namna hiyo. Tutakwenda kwa zamu ya kitongoji, na picha hazitapigwa.

Mama Wawili, hoja zako nitazipeleka kwenye mkutano wa wazazi kama ulivyozisema. Tukuyu, tunaanza na kusoma. Mkuu wa shule nitazungumza naye kuhusu adhabu kabla ya yote. Ni mtu msikivu.

Ila chanzo cha maji kinaniuma. Maji ya milima hii yanaingia mto Lukosi, yanakwenda Ruaha Mkuu, yanafua umeme Kidatu. Nawafundisha ramani hiyo darasani na chanzo kinakauka nyuma ya darasa. Wanafunzi wakikichagua, wale wenye vinyungu tunawakabilije?

Bwana_Miti

Wanafunzi wasiwakabili kabisa, Mwalimu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo, lakini kuisimamia ni kazi ya serikali ya kijiji na kamati yake ya mazingira. Mtoto akitumwa kung'oa kabichi za mtu, kesho anatukanwa njiani. Wenye vinyungu wengine ni wazazi wa wanafunzi hao hao, na kiangazi kinyungu ndicho kinacholipa mahitaji ya shule.

Kazi ya wanafunzi iwe kitalu. Kijiji kikishakubaliana mpaka na wenye vinyungu, mikaratusi ikaondolewa, miche iwe tayari. Pandeni mivengi, ni miti ya asili, inapenda penye maji na hailaumiwi kukausha chanzo kama mikaratusi. Angalizo moja: mbegu zake hazihifadhiki, zikikauka hazioti. Matunda yakiiva okoteni yaliyoanguka, yamenyeni nyama yake, zipandeni kwenye viriba wiki hiyo hiyo, kivuli kiwepo na udongo usikauke. Miche mtaipeleka kwenye chanzo mvua zikishakolea, Desemba au Januari. Viriba msivinunue, pakiti tupu za maziwa zilizotobolewa chini zinatosha.