Mafundi, "Access is denied" si ugonjwa wa diski! Acheni kufomati data za watu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na siombi radhi. Kuna mchezo umeshamiri kwenye vibanda vya kompyuta na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu analeta diski ya nje inayogoma kufungua folda au kufuta faili, fundi anaitazama kidogo, kisha hukumu: "Hii imekufa, tufomati." Mteja hajui, anakubali, analipa, anarudishiwa diski nyeupe isiyo na picha za harusi wala hesabu za duka. Na diski yenyewe ilikuwa nzima kabisa.

Tuanze na kesi inayojirudia kuliko zote. Laptop imekufa mamabodi, diski yake imetolewa ikatiwa kwenye keisi ya USB, ikachomekwa kwenye mashine nyingine. Unafungua Users, unabofya folda ya mwenyewe, Windows inakataa kwa ujumbe wa "Access is denied". Hapo hakuna kilichoharibika. Windows haihifadhi jina la mtu kwenye folda, inahifadhi namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na namba hiyo ni ya Windows ile iliyokuwa kwenye mashine ile. Ukiweka Windows upya, hata ukitumia jina lile lile na nywila ile ile, namba inakuwa nyingine. Ndiyo maana ukienda Properties kisha Security unakuta "Account Unknown" na mkia wa tarakimu. Kufomati kwa sababu hiyo ni kubomoa nyumba eti mpangaji aliyehama kaondoka na funguo.

Kazi ya kwanza ni kunakili, na huhitaji hata kugusa ruhusa. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", kisha tumia robocopy, zana ya kunakili iliyomo ndani ya Windows:

robocopy "E:\Users\Asha\Documents" "D:\Okoa\Documents" /e /b /xj /r:1 /w:1

Badilisha herufi za diski na majina ya folda yaendane na yako. /e inabeba folda zote za ndani, hata tupu. /b ndiyo roho ya amri hii: inasoma kwa haki ya kuhifadhi nakala, hivyo kizuizi cha mmiliki wa zamani hakiisumbui. /xj inaruka zile folda za uongo kama "Application Data", ambazo kazi yake ni kuelekeza kwingine tu na ambazo watu huhangaika nazo bure wakidhani zimefungwa. /r:1 na /w:1 usizisahau, maana robocopy isipoambiwa itarudia faili moja bovu mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Nakala zinazotoka zinachukua ruhusa za folda zilikoenda, kwa hiyo zinafunguka bila maneno.

Ukitaka kuzifungua pale pale zilipo, au kuzifuta, chukua umiliki halafu jipe haki:

takeown /f "E:\Picha" /r /d y
icacls "E:\Picha" /grant "*S-1-5-32-545:(OI)(CI)M" /t /c /q

Namba hiyo ni ya kundi la Users na iko hivyo hivyo kwenye kila Windows, ya Kiingereza au ya Kifaransa. Herufi M ni haki ya kusoma, kuandika na kufuta, na inatosha. Wengi wanaishia kwenye takeown peke yake, wakiona bado inakataa wanasema diski imekufa. Kumiliki folda na kuwa na ruhusa ya kuifungua ni mambo mawili tofauti, ndiyo maana amri ni mbili.

Sasa nyie wa video za "fix permission in 1 minute" mnaowaambia watu waendeshe takeown kwenye C:\ nzima: mnaua mashine za watu. Faili za Windows zinamilikiwa na TrustedInstaller (akaunti ya ndani ya Windows yenyewe) kwa makusudi. Ukizipora, kuzirudisha zilivyokuwa ni kazi ambayo kwa kawaida inaishia kuweka Windows upya. Lenga folda moja kwenye diski ya nje, basi. Na "System Volume Information", folda ya mfumo wenyewe, iacheni ilipo, haijamkosea mtu.

Kama kichupo cha Security hakipo kabisa, diski hiyo ni FAT32 au exFAT. Mifumo hiyo ya faili (namna ya kupanga data kwenye diski) haina umiliki wala ruhusa za mtumiaji, kwa hiyo fundi anayekuambia "tatizo la permission" kwenye flashi ya exFAT anabahatisha. Hapo ujumbe huwa "The disk is write-protected". Kama ni kadi ya SD, angalia kwanza kile kiswichi kidogo ubavuni mwa adapta, kikishuka upande wa "Lock" hakuna kuandika. Kama ni sawa, kwenye Command Prompt ingia diskpart (zana ya Windows ya kusimamia diski), andika list disk, tazama ukubwa ili usichague diski ya mashine, kisha:

select disk 2
attributes disk clear readonly
attributes disk

Namba 2 ni mfano, weka yako. Mstari wa mwisho unaonyesha hali ilivyo. Ukisoma "Current Read-only State : Yes" hata baada ya kusafisha, na flashi iko hivyo kwenye kila kompyuta, mara nyingi ni kidhibiti cha ndani kilichojifunga kwa sababu chipu zimechoka. Hiyo haitengenezeki kwa amri yoyote. Nakili vilivyomo ukanunue nyingine. Tena kila mafunzo ya diskpart mitandaoni yanamsukuma mtu aandike clean. Amri ya clean inafuta jedwali la sehemu za diski! Mtu alitaka kuandika faili moja, ametoka hana hata moja.

Virusi vya shotikati navyo vimewanufaisha wengi kwa ulaghai. Flashi imetoka stationery, folda zote zimekuwa mishale, fundi anasema data zimeliwa. Hazijaliwa, zimefichwa. Ulinganishe ukubwa uliotumika na unaouona: flashi inasema imejaa GB 11 lakini ndani kuna vishale vya KB 2. Usibofye mshale wowote. Kwenye mashine safi yenye kinga hai:

attrib -h -r -s "E:\*.*" /s /d

Folda zinarudi. Wakati mwingine zote zimerundikwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ingia humo uzitoe. Futa mishale pamoja na faili za .vbs au .lnk usizozitambua. Halafu safisha kompyuta iliyoambukiza, la sivyo kesho mambo ni yale yale. Na mara nyingi kompyuta hiyo ni ya kibanda hicho hicho kinachouza huduma ya kusafisha.

Faili isiyofutika ina sababu zake nyingine. "File is open in another program": fungua Resource Monitor, kichupo cha CPU, andika jina la faili kwenye Associated Handles, utaona programu iliyoing'ang'ania. Jina lenye nukta au nafasi mwishoni, au linaloitwa CON, AUX, NUL, huwa linatoka Linux au Mac, na Windows haijui kulishika. Hilo unalifuta kwa njia isiyochujwa:

del "\\?\E:\Kazi\ripoti."

Folda ndani ya folda ndani ya folda, njia ya faili (path) imepita herufi 260: fupisha majina kuanzia juu, au hamisha folda ya katikati kwenye mzizi wa diski.

Ukiona majina yamegeuka alama za ajabu, au kosa 0x80070570, hapo ndipo kuna uharibifu kweli, mara nyingi wa kuchomoa bila "Eject". Dawa ni chkdsk E: /f, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, ila hapa nawagombeza tena: msiiendeshe kabla ya kuangalia afya ya diski. CrystalDiskInfo ni bure. Kama Reallocated Sectors au Current Pending Sector (hesabu za vipande vibovu vya diski) si sifuri na zinaongezeka, diski inakufa, na chkdsk itaibebesha kazi ya mwisho. Nakili kwanza, ikibidi kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenye Linux, kisha fanyia majaribio nakala.

Wa Mac: diski ya NTFS (mfumo wa faili wa kawaida wa Windows) inasomeka tu, haiandikiki, macOS iko hivyo, haijaharibika. Kama diski ya nje imefomatiwa kwa mfumo wa Mac na inakataa, Get Info, chini kabisa, weka alama kwenye "Ignore ownership on this volume". Wa Ubuntu: NTFS ikijifunga kwenye kusoma tu, sababu ya kawaida ni Fast Startup ya Windows iliyoacha diski nusu usingizini. Rudi Windows, zima kwa shutdown /s /t 0, chkdsk kama ni lazima. Chmod (amri ya Linux ya kubadili ruhusa) kwenye NTFS au exFAT mara nyingi haibadilishi kitu, ruhusa zinawekwa wakati wa kuipachika diski (mount).

Kuna kesi mbili ambazo ruhusa hazisaidii. Ya kwanza ni faili zenye kikufuli kidogo kwenye aikoni, zilizofungwa kwa EFS (usimbaji wa faili wa Windows). Bila cheti cha akaunti ya zamani, takeown itakupa umiliki wa faili usiyoweza kuisoma. Ya pili ni BitLocker, inayofunga diski nzima: nayo inataka ufunguo wake wa tarakimu 48. Hapo mwambieni mteja ukweli, atafute ufunguo kwenye akaunti yake ya Microsoft kabla hamjagusa lolote.

Na kama tayari mmefomati? Quick Format huacha data nyingi mahali pake, programu ya PhotoRec inaweza kuzichota mradi hakuna kilichoandikwa juu yake, na matokeo yahifadhiwe kwenye diski nyingine. Lakini kutoka Windows Vista kuendelea, mkitoa alama kwenye Quick Format, Windows inaandika sifuri diski nzima. Hapo hakuna cha kuchota. SSD ya nje yenye TRIM (amri inayoiambia SSD ifute kabisa nafasi zilizoachwa) nayo haina huruma, hata kwa Quick Format.

Anayetaka kubisha aje na ujumbe kamili wa kosa ulivyoandikwa kwenye skrini, mfumo wa faili wa diski, na matokeo ya CrystalDiskInfo. Anayekuja na "fomati tu mkuu" apite kimya.