Nimepungua uzito lakini asidi ya yuriki imepanda: naombeni ushauri

Mwana-Kadutu: Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, na uzito wangu ulikuwa kilo 104. Mwaka jana kidole gumba cha mguu kilivimba, nikapimwa, asidi ya yuriki, ile taka ya mwili iliyomo katika damu, ikawa miligramu 8.4 kwa desilita. Daktari alisema ni jongo, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi hiyo, akanitaka nipungue. Sasa nina kilo 92, lakini kipimo cha juzi kimeonyesha 9.6, na ninashuka ngazi za Kadutu nikiwa na kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Je, uzito na asidi hii vina uhusiano kweli, au najitesa bure?

Mama wa Bagira: Pole sana, mwanangu. Baba watoto wangu aliugua hivyo hivyo. Alikuwa hali bugali bila sambaza, vile visamaki vya ziwani, na jioni hakosi kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Tulipoondoa pombe na maini nyumbani, alipata nafuu, ingawa ndugu zake walinilaumu kwamba namnyima mume wangu chakula. Angalia sahani yako kwanza.

Muuguzi wa Panzi: Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Mafuta mengi mwilini, hasa ya tumboni, huufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari. Insulini ikizidi katika damu, figo huirudisha asidi ya yuriki badala ya kuitoa kwa mkojo, na figo ndizo hutoa karibu theluthi mbili ya asidi yote. Lakini, kaka, hujatuambia umepunguaje.

Mwana-Kadutu: Nimepunguza chakula tu.

Mwalimu wa Nyawera: Wazee wetu walipanda vilima hivi kwa miguu na mizigo mgongoni. Sisi tunapanda pikipiki hata kwenda sokoni, kisha tunashangaa magonjwa. Tembea, ndugu yangu.

Muuguzi wa Panzi: Umepunguza vipi? Kuna dawa yoyote unayomeza?

Mwana-Kadutu: Kwa kuwa mnanibana, nitasema. Ninafunga kwa maji matupu siku kadhaa mfululizo, na rafiki alinipa vidonge vya kukojoza vya mama yake mwenye presha, haidroklorotiazidi. Naomba msinihukumu. Harusi ya binti yangu imekaribia, suti imeshashonwa kwa kipimo cha mtu mwembamba kuliko mimi, na kufunga ni jambo jema ambalo hata kanisani tunafundishwa.

Mkazi wa Ibanda: Samahani, mimi kisa hiki sikiamini. Mtu apungue kilo 12, kisha ugonjwa unaoletwa na unene uzidi? Kesho ataleta chupa ya mitishamba ya kutuuzia. Wasimamizi waufunge uzi huu.

Mama wa Bagira: Hata mimi nimeanza kuwa na shaka. Niliwahi kuuziwa dawa ya magoti kwa maneno matamu kama haya.

Mwana-Kadutu: Mama, sina ninachouza. Karatasi ya maabara ninayo mkononi.

Muuguzi wa Panzi: Kisa hiki kinawezekana kabisa, na ndiyo maana niliuliza. Mtu akikaa bila kula, mwili huchoma mafuta na kutoa ketoni, nazo huzifanya figo zibakize asidi ya yuriki. Vidonge vya aina hiyo navyo huibakiza. Kwa hiyo mizani inashuka huku asidi ikipanda, na ikipita takriban 6.8 fuwele zinaweza kuganda kwenye viungo. Anayetibiwa jongo hutakiwa awe chini ya 6. Anayepungua polepole, tuseme nusu kilo kwa wiki, kwa kawaida asidi yake hushuka. Acha vidonge ambavyo hukuandikiwa. Usijinunulie alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, wala ibuprofeni ya maumivu. Nenda kwa daktari, umweleze mafungo na vidonge vyote, naye akupime kreatinini ili ajue hali ya figo.

Mwana-Kadutu: Vidonge nitaviacha. Lakini nikifunga hadi saa nane mchana tu, asidi itapanda vile vile?

Muuguzi wa Panzi: Kuchelewa kula si sawa na kukaa siku nzima kwa maji, lakini kidole kikiwa bado kimevimba, kula asubuhi na unywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari akikuambia vingine. Suti ipeleke kwa fundi aipanue.

Mwana-Kadutu: Fundi anadai kitambaa kilichobaki ni kidogo. Nitamuuliza tena kesho nikitoka kwa daktari.