Taa ya injini yaja yaenda: watu wa Malindi tupeane uzoefu

Mama Watatu:
Jamani, nisaidieni. Gari letu la familia, lile la viti saba, taa ya injini inawaka asubuhi nikipeleka watoto shule, jioni haipo. Kesho kutwa hiyo tena. Nikimpelekea fundi imeshazima, ananiambia, "Gari zima hili, mama." Tuna safari ya Mombasa na naiogopa. Aliyewahi kukutwa na haya naomba aseme.

Kaka wa Maweni:
Chomoa betri dakika kumi, rudisha. Taa itaondoka.

Fundi Baharini:
Kaka, hapo wamfutia mama ushahidi! Taa ikizima, kompyuta ya gari bado imeweka namba ya hitilafu. Kwa kawaida taa hujizima gari likienda mizunguko 3 mfululizo (kuwasha, kuendesha, kuzima) bila hitilafu kuonekana tena, lakini namba hukaa zaidi, hata mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40. Ukichomoa betri, namba yafutika pamoja na rekodi ya ile dakika yenyewe: mwendo, joto, mzigo wa injini. Mama, chini ya dashibodi upande wa dereva kuna tundu. Fundi wako achomeke mashine ya kusomea hata kama taa imezima, na aandike namba kabla hajagusa kitu.

Mwana Mambrui:
Kweli kabisa. Langu lilikuwa kifuniko cha tangi tu, mpira wake umekauka kwa jua, mvuke wa petroli watoka. Namba iliyosomwa P0455. Nikatia kipya, basi.

Umm Zeyna:
Nimesoma haya moyo ukanipiga. Taa yetu ilikuwa hivyo hivyo, yaja yaenda, mpaka kila mtu akaizoea. Usiku mmoja tukatoka harusini Mambrui, gari limejaa: bibi mbele, watoto nyuma, sufuria ya pilau miguuni mwangu. Hatujafika daraja la Sabaki gari likaanza kutetemeka, na taa safari hii ikawa yapepesa, yawaka yazima, yawaka yazima. Babake Zeyna akasema tufike nyumbani kwanza. Nguvu zikazidi kuisha, harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikamwambia simama, simama sasa hivi! Akaingia kando ya barabara, kwenye nyasi kavu.

Shemeji akashuka na tochi, akainama, akapiga ukelele. Ekzosi chini ya gari nyekundu kama kaa la moto, na nyasi zishaanza kutoa moshi. Bibi tulimbeba, hata viatu hakuvaa, mdomoni Ayatul Kursi. Wanaume wakalisukuma gari hadi kwenye lami, nyasi wakazifukia kwa mchanga. Kumbe koili ya silinda moja imepasuka, cheche haifiki, petroli mbichi yateremka kwenda kuungulia kwenye ekzosi. Dada, taa ikipepesa hakuna "tufike kwanza". Zima injini, tena pasipo na nyasi.

Mwana Mambrui:
Subhanallah. Bibi mzima?

Umm Zeyna:
Mzima, alhamdulillahi. Ila gari lile hapandi tena.

Kaka wa Maweni:
Ndiyo maana mie masega ya ekzosi, yale ya ndani yanayosafisha moshi, niliyatoa. Hakuna cha kuungua.

Fundi Baharini:
Masega yana kosa gani? Mbovu ilikuwa koili. Ukiyatoa, sensa ya oksijeni ya nyuma yaona moshi hausafishwi, taa yawaka na P0420 juu. Na huo moshi wauvuta nani, si watoto wako?

Kaka wa Maweni:
Gari langu laenda vizuri. Taa nimeibandika utepe.

Fundi Baharini:
Basi siku ikipepesa hutaiona. Hayo ya Umm Zeyna hukuyasoma?

Mvuvi wa Amu:
Sisi gari twaliacha Mokowe, twavuka kwa boti. Likikaa sana panya huingia chini ya boneti. Langu walitafuna waya wa sensa ukabaki umeshikwa na nyuzi mbili tatu za shaba: kwenye lami nzuri hakuna taa, ukipita mashimo yawaka. Fundi alitikisa waya mmoja mmoja huku injini inanguruma, mpaka ikakohoa mkononi mwake. Na chumvi msiisahau. Fungueni soketi za waya, mkiona ukungu wa kijani, safisheni kwa dawa ya kusafishia umeme, si kwa maji.

Dada wa Gongoni:
Ya kijani hiyo nimeiona kwa macho yangu. Kweli.

Mama Watatu:
Fundi amesoma, taa ikiwa imezima. P0302.

Fundi Baharini:
Silinda ya 2 hiyo, haichomi sawasawa. Usinunue kitu bado. Abadilishane koili ya 2 na ya 3, alizungushe gari mpaka namba irudi. Ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, atazame plagi, waya, kisha nozeli ya petroli.

Kaka wa Maweni:
Nunua koili zote nne umalize maneno.

Fundi Baharini:
Pesa za kwako? Aanze na kupima.

Mama Watatu:
Na shule kesho je?

Umm Zeyna:
Tuktuk, dada. Gari mwachie fundi kutwa nzima.