Tupeane uzoefu: kuwasha gari la manual kwa kusukuma betri ikifa

Wakuu, wengi tunaamini betri ikifa kinachotakiwa ni watu wenye nguvu. Kwa niliyoyaona, kazi kubwa iko kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Nawasha swichi, nakanyaga klachi, naweka gia ya pili. Gari likishika mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, naachia klachi mara moja; injini ikishtuka tu naikanyaga tena na kuongeza mafuta kidogo. Gia ya kwanza siipendi, inakaba magurudumu ghafla na wanaosukuma wanaligonga gari kwa kifua. Nyie mnafanyaje?

— Nilikuwa peke yangu na pikapu ya zamani ya dizeli, pua imeelekea juu ya mlima. Wa kusukuma hayupo. Nikaweka rivasi, nikaiacha ishuke kinyumenyume, nikaachia klachi, ikawaka. Ila hakikisha nyuma hakuna mtu. Injini ikiwa imezimika usukani wa pawa unakuwa mzito, na breki ukishaikanyaga mara moja au mbili inakuwa ngumu, unaisukuma kwa mwili mzima.

— Langu ni la petroli, la nozeli (mafuta yanapulizwa kwa umeme). Watu walisukuma mpaka wakalowa jasho, na kwenye dashibodi hakuna hata taa moja. Fundi akatueleza kwamba pampu ya mafuta na kompyuta ya injini vyote vinataka umeme, kwa hiyo betri ikiwa tupu kabisa mtasukuma hadi jioni bila mafuta kufika kwenye injini. Tukaazima waya za kubusti (za kuvuta umeme kwenye betri ya gari lingine), likawaka palepale. Tangu siku hiyo natazama taa kwanza ndipo naita watu.

— Stata (mota ya kuwashia injini) ikifa na betri ni nzima, hapo kusukuma hakuna mfano. Niliishi hivyo nikisubiri kipuri, kila nikiegesha natafuta mteremko.

— Pikipiki nayo ni gia ya pili. Kimbia nayo, ruka ukae kitini kwa uzito wako wote huku unaachia klachi. Usipokaa, tairi la nyuma linaburuzika tu.

— La otomatiki msilisumbue. Pampu ya haidroliki ya giaboksi inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ikizimika, magurudumu hayana njia ya kuizungusha.

— Niongeze kwa wanaosukuma: mikono kwenye bodi, si kwenye kioo wala spoila, na mkubaliane mapema neno la kuachia. Likishawaka msilizime karibuni. Mimi huliendesha safari ndefu kidogo, kisha nakagua terminali (vichwa vya betri vinavyofungwa waya), maana mara nyingi nimekuta kutu na nati iliyolegea, betri yenyewe haina tatizo.