Vyeti vya mafunzo ya mtandaoni vipo, kazi ya stoo haijabadilika (Kasulu)

mgebuka_kgm: Wakuu, habari za jioni. Ofisi ina wafanyakazi 14 Kasulu, makao makuu New York. Mafunzo ya mfumo mpya wa stoo yanatolewa kwa video, saa mbili mfululizo, kuanzia saa 11 jioni ya huku. Kila mtu anaingia kwa simu yake, mtandao unakatakata. Vyeti wote wamepata, ila kadi za stoo zinajazwa vilevile kama zamani. Tuanzie wapi?

asali_tbr: Bando kwanza, ndilo jepesi. Video ya mkutano hula takriban GB 1 kwa saa, kwa hiyo watu 14 ni kama GB 28 kwa kipindi. Kompyuta moja yenye projekta na spika ni GB 2. Bora zaidi, kozi iwekwe kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni: programu yake ya simu inashusha masomo, mnasoma bila intaneti. Ila jaribio halifanyiki nje ya mtandao mpaka mwandaaji aliruhusu kwenye mipangilio, na likiwa na ukomo wa muda haliwezekani kabisa. Watu hulaumu simu bure.

reli_ya_kati: Angalieni pia saa. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatugusi. Kipindi chenu kitahamia saa 12 jioni.

Uzito upo kwenye cheti. Kinaonyesha mtu kamaliza video, basi. Kateni somo vipande vya dakika 20, na kila kipande kifuatwe siku hiyohiyo na kazi halisi: pokea mzigo, hesabu magunia, linganisha na hati, jaza kadi, ingiza kwenye mfumo. Mwenzake asimame na orodha ya hatua, asiseme kitu mpaka mwisho. Baada ya wiki rudieni bila orodha. Hatua zitakazorukwa ndizo za kufundisha upya, si kozi nzima. Na msimamizi aiweke kwenye ratiba, maana lori likifika mazoezi ndiyo ya kwanza kuachwa.

mgebuka_kgm: Na kama hapa hakuna anayeumudu huo mfumo?

asali_tbr: Msimtume mmoja semina aje kuwafundisha wengine, mara nyingi kinachowafikia ni slaidi tu. Ombeni mtunza stoo wa ofisi nyingine ya shirika. Nairobi na Kampala saa ni moja na zetu, hata Amman, Jordan, tangu mwishoni mwa 2022 walipoacha kubadili saa. Dakika 30 kila wiki, sauti tu. Mtumieni kabla picha ya kadi iliyojazwa wiki hiyo, apitie mstari kwa mstari na aliyeijaza.